Povu Kisimani

Ndugu msomaji, simama wima. Kama umevaa kofia, ivue. Hadithi unayoanza kuisoma inahusu maji, na maji si jambo la mchezo. Imeandikwa na mtu mwadilifu, aliyelelewa katika shule ya bweni yenye kengele ya kuamka na kengele ya kulala, ambaye tangu azaliwe hajapoteza hata tone moja la maji.

Basi. Sasa kaa chini, maana hadithi yenyewe inaanza na soksi.

Soksi hizo zilikuwa za Mhandisi. Mhandisi hakuwa mhandisi. Alikuwa fundi baiskeli. Ila nyumbani kwake hapakuwa na kitu ambacho hakukifunga waya, hakukipiga nyundo au hakukipaka saruji, ndiyo maana watu wakampa cheo hicho bila cheti. Asubuhi hiyo alikaa barazani, akachukua soksi moja iliyokauka vizuri juani, akainusa, akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Mama watoto," aliita, "soksi hizi nilikupa lini?"

"Juzi."

"Zimefuliwa?"

"Mhandisi, unaniuliza mimi kama nimefua?"

"Siulizi kwa ubaya, mke wangu. Ila zilikuwa na harufu nzuri zaidi kabla hujazifua."

Mke wake alikuwa akianika nguo. Aliweka kibanio mdomoni ili asimjibu vibaya.

Mtaa mzima ulimwita Mama Dobi. Hapa lazima mwandishi amsifu, na hatatia chumvi, maana hapana haja. Mwanamke huyu alijua nguo kama mwalimu anavyojua wanafunzi wake. Angefumba macho, ungempa shati, angelishika kola tu na kukuambia ni la nani na huyo mtu hukaa kiti gani kazini. Mikono yake ilikuwa mipana na migumu, lakini iliposhika kitambaa chepesi ilikuwa laini kuliko kitambaa chenyewe. Alipolikabili doa, doa liliomba radhi lenyewe. Kwa kazi hiyo alikuwa amelea watoto, akajenga vyumba viwili, na kumpeleka binti yake shule ya bweni. Binti huyo tutamwacha huko huko kwa sasa.

Lakini siku hizo mambo hayakwenda sawa. Mama Dobi aliinusa ile soksi kwa siri. Mumewe alisema kweli. Ilikuwa na harufu ya sabuni iliyochacha, kama kitambaa cha kufutia meza kilichosahauliwa kwenye ndoo. Hata nguo nyeupe hazikuwa nyeupe tena. Zilikuwa na rangi ya mtu aliyekosa usingizi.

Mama Dobi alifanya kile ambacho dobi yeyote angefanya. Aliongeza sabuni.

Uwanja wake wa kazi ulikuwa nyuma ya nyumba, mahali penye mteremko. Juu, karibu na jiko, palikuwa na sakafu ya kufulia na mabeseni makubwa matatu. Chini kidogo palikuwa na kisima chao, kifupi, chenye maji ya karibu. Na kando ya sakafu ya kufulia, hatua chache tu juu ya kisima, palikuwa na shimo la kumwagia maji machafu. Shimo hilo Mhandisi alilichimba mwenyewe. Alilizungushia ukingo wa saruji, akalichora herufi za jina lake kwa msumari kabla saruji haijakauka. Wageni wakija walionyeshwa shimo kwanza, kiti baadaye.

"Watu wengine wanamwaga povu barabarani," alikuwa akiwaambia. "Sisi hapana. Sisi tuna ustaarabu."

Siku moja alikuja Muuguzi Mkuu wa zahanati ya wazazi. Mashuka yote ya zahanati hiyo yalifuliwa na Mama Dobi. Kwa kawaida alituma mtu. Siku hiyo alikuja mwenyewe, na chini ya kwapa alibeba shuka moja lililokunjwa.

"Mama Dobi, habari za kazi?"

"Nzuri, sista. Karibu ukae."

"Sikai. Nusa."

Mama Dobi hakuhitaji kunusa. Aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni.

"Mtoto anapozaliwa pale kwetu," alisema Muuguzi Mkuu kwa sauti ya taratibu, "kitu cha kwanza anacholalia duniani ni shuka lako. Juzi mama mmoja amegoma kumlaza mwanawe. Amemlaza juu ya kanga yake."

"Nitarudia kufua, sista. Yote."

"Umefua miaka mingi, nami nakuheshimu. Lakini mwezi huu ukiisha yakiwa bado hivi, itabidi nimpe mtu mwingine. Usinichukie."

"Sikuchukii."

Muuguzi Mkuu aliondoka. Mama Dobi akabaki amelishika lile shuka kifuani kama mtoto mgonjwa. Kupoteza kazi kulimtia hofu, ndiyo. Lakini kilichomkata maini ni yule mama aliyegoma. Alijiona kama amemkosea adabu mtu ambaye hajazaliwa vizuri.

Kuanzia hapo alifua kama mtu anayepigana. Aliongeza sabuni mara mbili. Kwa kuwa sabuni ilikuwa nyingi, alisuuza mara nne, tena mara tano. Kwa kuwa alisuuza sana, aliteka maji sana. Maji ya kisima yakazidi kwenda chini, kamba ikawa fupi. Mhandisi akaiunga kwa kipande cha kamba nyingine, akaifunga fundo kubwa, akafurahi kupata kazi. Na nguo zikazidi kunuka.

"Ni sabuni za siku hizi," Mhandisi aliamua. "Wanachanganya na majivu."

"Nimebadilisha sabuni mara tatu."

"Basi ni jua. Jua la siku hizi halina nguvu."

Mama Dobi alirudi kwenye mabeseni yake.

Jumapili alikuja wifi yake, dada mdogo wa Mhandisi. Huyu alikuwa fundi wa pampu na visima katika idara ya maji. Alitembea na spana mfuko wa nyuma hata akienda harusini, kwa hiyo jina lake likawa Spana. Mawifi hawa wawili walipendana kwa matusi. Wakikaa saa nzima bila kutaniana, watu walidhani wamegombana.

Spana aliletewa chai. Akapiga funda moja. Akaitazama.

"Wifi yangu," alisema, "najua hunipendi. Lakini kunitilia sabuni kwenye chai, si umezidi?"

"Sabuni gani? Kinywa chako ndicho kichafu, kimezoea kusema watu."

"Sitanii. Onja mwenyewe."

Mama Dobi alionja. Alikuwa ameizoea ladha hiyo polepole, wala hakujua kwamba ameizoea. Sasa aliisikia. Iliteleza ulimini.

"Mnakunywa maji ya kisima?" Spana aliuliza, na utani ulikuwa umemtoka.

"Tunachemsha."

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Hakuondoi sabuni. Na tumbo lenu?"

Mhandisi na mkewe walitazamana. Tumbo lilikuwa likiwasumbua, kila mmoja akidhani ni lake peke yake, tena akilificha.

"Nileteeni chupa mbili za plastiki, safi, zenye vifuniko," alisema Spana. "Moja tia maji ya kisima nusu. Nyingine tia maji ya bomba la mtaani."

Chupa zililetwa. Spana alizishika moja kila mkono, akazitikisa kwa nguvu mpaka bangili zake zikalia. Kisha akaziweka juu ya meza. Katika chupa ya maji ya bomba, mapovu machache yalipanda, yakapasuka, yakaisha. Katika chupa ya maji ya kisima, povu jeupe lilisimama shingoni. Walisubiri. Halikuondoka. Lilikaa pale kama mgeni asiyejua saa ya kuaga.

"Nani ametia sabuni kwenye kisima changu?" Mhandisi alisimama. "Nitajenga uzio! Nitaweka kufuli!"

"Kaka, usihangaike. Mwizi tunaye hapa hapa, na jina lake ameliandika kwenye saruji."

Mhandisi aliketi tena.

Spana aliwachukua mpaka uwanjani. Alichukua ndoo ya maji, akaimwaga taratibu kando ya shimo, juu ya udongo. Maji yaliingia ardhini, mengine yakateremka kuelekea kisimani.

"Umeona yanavyokwenda? Hapa juu tunayaona. Kule chini hatuyaoni, lakini safari ni ile ile. Kaka, wewe unadhani ardhi ni ukuta. Ardhi ni kama sponji, na hapa penu ni kokoto na mchanga, ndiyo kabisa. Unamwaga povu shimoni, linashuka ndani, linafuata mteremko, linaingia kisimani. Maji hayapigi hodi."

Mama Dobi alisogea karibu na sakafu ya kufulia. Alitazama beseni, akatazama shimo, akatazama kisima. Kisha akasema polepole, kama anayesoma maneno ukutani:

"Kwa hiyo nafua leo kwa maji niliyofulia jana."

"Ndiyo, wifi."

"Na nikiona nguo hazitakati, naongeza sabuni."

"Ndiyo."

"Na hiyo sabuni inarudi kisimani."

"Inarudi. Na siyo sabuni tu. Mashuka ya wazazi yana damu. Jasho, damu, vijidudu, vyote vinasafiri pamoja. Halafu mnachota, mnapika chai."

Mhandisi alikaa juu ya ukingo wa shimo lake.

"Nililichimba hapa juu," alisema mwishowe, "kwa sababu ya mgongo wake. Beseni likijaa ni zito. Sikutaka alibebe mpaka kule chini."

Spana alikuwa na maneno makali tayari. Aliyameza. Mama Dobi alimwendea mumewe, akamwekea mkono begani.

"Nilijua," alisema. "Hukusema, lakini nilijua."

Mwandishi angependa kuwaacha hapo hapo, maana ni nadra kuwaona watu hawa wawili wakipendana hadharani. Lakini kazi ilikuwa inangoja.

Kwanza lilikuwa suala la Muuguzi Mkuu. Mhandisi alikuwa na mawazo, kama kawaida.

"Usimwambie kitu. Tia dawa ya kung'arisha, nyunyiza manukato. Mpaka agundue, kisima kitakuwa kimepona."

"Mtoto wa siku moja nimlaze kwenye manukato?"

"Akikunyang'anya kazi?"

"Aninyang'anye kwa jambo la kweli."

Kesho yake alivaa gauni lake la Jumapili, ingawa ilikuwa Jumatatu, akaenda zahanati. Alisimama mbele ya meza ya Muuguzi Mkuu, akaweka chupa juu ya makaratasi, akaitikisa. Akaeleza yote. Hakumtaja mumewe. Alisema "tumechimba" na "tumekosea".

"Siwezi kukufulia mpaka kisima kisafike," alimaliza. "Sijui kitachukua muda gani. Ukimpa mtu mwingine, sitanung'unika. Ila mwambie naye atazame shimo lake liko wapi."

Muuguzi Mkuu aliichukua chupa, akaitikisa yeye mwenyewe.

"Watu huja hapa kuniambia kazi yao ni nzuri," alisema. "Wewe ni wa kwanza kuja kuniambia yako ni mbaya."

"Ni mbaya kwa sasa, sista."

"Kwa sasa." Alitabasamu kidogo. "Wasafishaji wangu watafua hapa hapa kwa muda. Watalalamika, nitaziba masikio. Na sisi tuna letu. Tumekuwa tukikuletea mashuka yenye damu bila kuyaloweka kwenye dawa. Hilo lilikuwa jukumu letu. Kuanzia leo hayatatoka hapa hivyo."

Mama Dobi alirudi nyumbani akitembea upesi. Alipofika alimkuta Mhandisi ameshika sururu, akilizunguka shimo lake kama mtu anayemuaga marehemu.

"Lile bonge la saruji lenye jina langu," aliomba, "naweza kulitunza?"

"Litunze. Tutawekea mlango usipigwe na upepo."

Kazi ilianza. Shimo la zamani walilisomba tope lote la sabuni, wakalifukia kwa udongo na kulishindilia. Shimo jipya Spana aliwaonyesha mahali pake: chini kabisa ya uwanja, upande wa mteremko unaokiacha kisima nyuma, zaidi ya mita thelathini kutoka kisimani, mbali vile vile na kisima cha jirani.

"Kisima cha jirani nacho?" Mhandisi aliuliza.

"Kaka, tusihamishie povu kwa mwenzetu halafu tujiite wastaarabu."

Ndani ya shimo jipya walipanga mawe makubwa chini, kokoto juu yake, kisha mchanga, ili maji yachujwe na kupenya taratibu. Tope la sabuni lingebaki juu ya mchanga, na mchanga huo ungetolewa na kubadilishwa kila ulipoziba. Maji yoyote yenye damu yangepelekwa chooni, si shimoni.

Ikabaki shida ya mgongo wa Mama Dobi, maana sasa shimo lilikuwa mbali. Hapo Mhandisi aliacha kuwa mzaha. Alijifungia na nyundo yake siku nzima. Alipotoka, alikuwa anasukuma karai kubwa lililokaa juu ya magurudumu mawili ya baiskeli, lenye mpini wa usukani na, bila sababu yoyote, kengele.

"Beseni unamimina humu," alisema. "Halafu unasukuma. Hata kidole hakichoki."

Mama Dobi alilisukuma mpaka chini na kurudi. Alipiga kengele. Akacheka mpaka akafuta machozi. Na mwandishi, asiyempa mtu sifa ovyo, anamvulia kofia fundi huyu. Amekosea kwa mapenzi, akasahihisha kwa mapenzi.

Kisha walikikausha kisima. Walichota maji yote na kuyabeba kwa lile karai mpaka shimo jipya, wakakwangua tope la chini, wakakiacha kijae upya, wakachota tena. Waliinua ukingo wake juu ili maji ya mvua yasiingie, wakakitengenezea kifuniko. Ndoo ya kutekea ikapewa msumari wake wa kuning'inia, isikae tena chini kwenye matope. Maji ya kunywa walikwenda kuyachota bombani mtaani.

Siku za kungoja, Mama Dobi alifua nguo za nyumbani tu kwa maji ya mvua. Mhandisi alikuwa amefunga mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa, na maji yaliingia tangini. Mvua ya kwanza waliiacha ioshe paa kwanza. Maji yalikuwa machache, na uchache huo ukamfundisha Mama Dobi mambo ambayo wingi haukumfundisha. Aligundua kwamba nguo ikilowekwa mapema, uchafu unalegea wenyewe. Aligundua kwamba kopo dogo la sabuni lilitosha pale alipokuwa akitia makopo matatu, na sabuni ikiwa kidogo, kusuuza mara mbili kunatosha. Tena akabuni utaratibu wake: maji ya kusuuzia mwisho, ambayo bado ni safi, hakuyamwaga. Aliyatumia kufulia mzigo unaofuata. Yakichafuka hapo, yaliosha sakafu ya choo.

Spana alipouona utaratibu huo alikuna kichwa.

"Wifi, hili mimi sikukufundisha."

"Ulidhani wewe peke yako ndiye mwenye akili katika ukoo huu?"

"Ukoo wenyewe ni wangu, wewe umeolewa tu!"

"Ndiyo maana akili zimeongezeka."

Koki ya tangi nayo ilikuwa ikidondosha, tone, tone, mchana kutwa. Mama Dobi aliweka kopo chini yake, na kabla nguo hazijakauka kopo lilikuwa limejaa. Mhandisi alikata kipande cha mviringo kutoka kwenye mpira wa tairi kuukuu, akakiweka ndani ya koki, na mdondoko ukakoma.

Kila Ijumaa Mama Dobi alitikisa chupa. Ijumaa ya kwanza povu lilisimama. Ya pili lilisimama, lakini kwa kuyumba. Mwezi uliisha, ukaanza mwingine. Zahanatini wasafishaji walilalamika, na Muuguzi Mkuu, kama alivyoahidi, aliziba masikio. Hatimaye ikaja Ijumaa moja. Mama Dobi alitikisa chupa, akaiweka mezani, akashika kingo za meza. Mapovu yalipanda, yakapasuka, yakaisha.

"Mhandisi!" aliita. "Njoo uone kitu ambacho hakipo!"

Spana alichukua maji kidogo akayapeleka yakapimwe idarani, kwa kuwa chupa inaonyesha sabuni lakini haionyeshi vijidudu. Majibu yalikuwa kwamba maji yanafaa kufulia. Kwa kunywa, aliwaambia waendelee kuchemsha. Na maji yalikuwa yamepanda kisimani. Mhandisi alifungua fundo lake kubwa, akakitoa kile kipande cha kamba alichokiunga.

Mzigo wa kwanza wa mashuka Mama Dobi aliupeleka mwenyewe. Muuguzi Mkuu alichukua shuka la juu, akalikunjua, akaliweka shavuni. Akanusa. Akanusa tena.

"Halinuki kitu," alisema.

"Ndivyo maji yanavyonuka, sista."

Chumba cha pili mtoto alikuwa akilia kwa hasira ya kuzaliwa. Muuguzi Mkuu alikwenda na shuka. Mama Dobi alisubiri mlangoni. Aliliona likitandikwa, akamwona mtoto akilazwa juu yake, na mama wa mtoto akimruhusu. Mtoto hakusifu chochote. Alinyamaza tu, akalala.

Hapo ndipo mwandishi alipokusudia kufunga hadithi kwa maneno mazito. Alikuwa amekwisha kuyapanga. Yalianza hivi: "Enyi vijana wa leo, mnaochezea maji..."

"Wee!" sauti ilitoka uwanjani. "Nani ameacha koki ya tangi wazi?"

Mwandishi alinyamaza, akitumaini sauti ile ingepita.

"Ndoo imejaa, inamwagika, na ndani yake kuna soksi za shule! Toka hapo mezani!"

Basi, ndugu msomaji. Mimi ndiye yule binti wa shule ya bweni. Niko nyumbani kwa likizo. Niliweka ndoo, nikafungua koki, nikaja ndani kuandika sentensi moja tu kuhusu tone la maji. Sentensi ilikuwa tamu, nikaongeza ya pili.

"Ni mimi, mama," nimemwambia.

"Najua ni wewe. Chukua karai la baba yako, yakusanye yaliyobaki, ukaoshe choo. Na kengele usipige, hujastahili."

Nakwenda. Wewe, tafadhali, rudi mwanzo kabisa, pale nilipokusimamisha wima. Ule mstari wa tone moja, ufute.